Kuchagua Usukani wa Baiskeli Unaokufaa

Mtu aendapo dukani kununua viatu hachukui jozi yo yote iliyo mbele yake akaenda zake. Huketi, huvua vile vya zamani, huvaa vipya, hutembea hatua chache, na vikimbana huvirudisha. Lakini mtu huyo huyo anunuapo baiskeli, ambayo ataipanda kila siku kwa miaka mingi, huyatazama magurudumu, huipiga kengele, hupatana bei, akaondoka nayo vile ilivyo. Usukani haupimi kabisa. Akiisha kuipanda mwezi mmoja, akaona shingo inamwuma na viganja vinawaka moto, husema, "Ndivyo baiskeli zilivyo." Nia yangu ni kuwaonyesha wasomaji kwamba maumivu hayo mara nyingi yana sababu inayojulikana, na kwamba huweza kuondolewa kwa kazi ya saa moja na spana mbili.

Mimi ni karani wa serikali katika kaunti ya Busia, na umri wangu haujafika miaka arobaini. Kutoka nyumbani hadi ofisini ni kilomita tisa, nusu yake lami na nusu yake murram, nami huzipanda asubuhi na jioni. Huku kwetu mpakani baiskeli si kitu cha mchezo. Neno boda boda, ambalo siku hizi watu wengi wakilisikia hufikiri pikipiki, lilizaliwa hapa kwa vijana waliopakia abiria kwenye baiskeli na kuwapeleka kutoka upande mmoja wa mpaka wa Kenya na Uganda hadi upande wa pili.

Baiskeli yetu niliachiwa na kaka yangu mkubwa mwaka wa 2019, alipohamishiwa Mombasa. Ni ya aina ile yenye tairi nene na gia, iliyoletwa nchini ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo. Kaka ni mrefu. Tukisimama pamoja, sikio langu liko sawa na bega lake. Usukani ulikuwa bomba moja lililonyoka kama rula, nao ulikaa mbele sana, tena chini ya kiti kwa upana wa kiganja kizima. Yeye aliupenda. Mimi ilinipasa kujilaza juu yake kama mtu achunguliaye kisima.

Baada ya miezi kadhaa, kidole changu cha mwisho pamoja na jirani yake, katika mikono yote miwili, vikaanza kufa ganzi. Kwanza ganzi iliondoka mara nilipofika ofisini. Halafu ikawa inakaa hata saa nne. Mwishowe nikawa naamka nayo usiku. Kwa mtu wa jembe hiyo ni taabu kubwa. Kwa karani ni hatari ya kumwaga unga. Herufi ya a katika kompyuta hupigwa kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na msomaji atazame sentensi yo yote ya Kiswahili ahesabu imebeba a ngapi. Barua nilizopiga zikaanza kurudi kutoka kwa mkuu wangu zikiwa zimezungushiwa wino mwekundu. Siku moja aliniita akaniuliza kwa upole kama nimeanza kunywa.

Nilikwenda zahanati. Tabibu, mwanamke kijana, hakuuliza habari za pombe. Aliuliza, "Kaka, unafika kazini kwa chombo gani?" Nilipomjibu aliushika mkono wangu, akabonyeza sehemu ya chini ya kiganja upande wa kidole cha mwisho, nami nikaruka kama niliyeguswa na umeme. Akanieleza kwamba mahali hapo hupita mshipa wa fahamu unaovihudumia vidole hivyo, wala hauna nyama nyingi ya kuulinda. Mtu akikilalia kiganja juu ya chuma kwa muda mrefu kila siku, huku barabara ikimtikisa, mshipa huo hubanwa. "Nitakupa dawa ya maumivu," alisema, "lakini ugonjwa wako umeuacha nje, umeuegemeza kwenye mti."

Basi nikaanza kujifunza. Nilimwuliza fundi, nikasoma, nikapima, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jambo la kwanza ni hili: mwili wa mpandaji hubebwa mahali patatu, yaani kiti, pedali na usukani. Uzito ukipunguzwa mahali pamoja huongezeka pengine. Kwa hiyo asiguse usukani mtu ambaye hajakitengeneza kiti kwanza. Keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Goti liwe limenyoka bila ya kiuno kuyumba. Ukipanda kama kawaida, sehemu ya mbele ya wayo ikiwa juu ya pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo vema. Kisha tazama kiti kimelala sawa. Kiti kilichoinamisha pua yake chini humtelezesha mtu mbele, na kazi ya kumzuia huwa ya viganja. Tena watu wengi wenye mikono mifupi hukisukuma kiti mbele ili waukaribie usukani. Dawa hiyo huongeza ugonjwa, kwa kuwa kifua huenda mbele ya pedali na uzito mwingi zaidi hushuka mikononi. Kiti huwekwa kwa ajili ya miguu. Usukani ndio unaopasa kuja kwa mpandaji.

Jambo la pili ni kimo cha usukani. Vijana watauliza: mbona waendao mashindano huinama mpaka pua ikakaribia gurudumu? Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, alishinda mbio za Tour de France mara nne, mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017, na picha zake zote zinamwonyesha ameinama. Katika mbio hizo hizo za mwaka wa 1989, Greg LeMond wa Marekani alimshinda mpinzani wake kwa sekunde 8 tu, na siku ya mwisho alitumia usukani wenye pembe zilizotokeza mbele ili aegemeze viwiko na kujikunja zaidi. Hayo ni kweli, nayo yana sababu. Nguvu ya upepo unaomzuia mpandaji huongezeka upesi kuliko mwendo wake: akienda mara mbili, upepo humzuia mara nne, akienda mara tatu, humzuia mara tisa. Mshindani aendaye kilomita 45 kwa saa anapambana na upepo mara tisa ya ule unaonipata mimi niendaye kilomita 15. Yeye hulipwa kwa kuinama. Mimi nisingelipwa cho chote ila ganzi.

Kwa mtu aendaye kazini, sokoni au shambani, usukani ulio sawa na kimo cha kiti, au juu yake kwa vidole vitatu vinne, ndio unaofaa. Lakini usiupandishe bila kiasi. Ukiwa juu mno, mgongo husimama kama mlingoti, na kila shimo la barabara hupiga kiti na kupanda moja kwa moja mpaka kichwani. Tena uzito huondoka gurudumu la mbele. Mwenye gunia kwenye keria atayaona hayo akianza kupanda kilima: gurudumu la mbele huwa jepesi, na baiskeli huanza kwenda isikoambiwa.

Jambo la tatu ni umbali wa kuufikia usukani. Mafundi wengi hupima kwa kuweka kiwiko kwenye pua ya kiti na kunyosha vidole kuelekea usukani. Kipimo hicho ni cha kuanzia tu, kwa kuwa kinapima mkono na hakijui urefu wa kiwiliwili. Kipimo kizuri zaidi ni mwili wenyewe. Panda katika uwanja ulio tambarare, nenda polepole, ushike usukani viwiko vikiwa vimekunjika kidogo. Kisha legeza viganja mpaka viguse tu, bila ya kubadili namna ya kuketi. Ukiona kifua kinaanguka mbele papo hapo, usukani uko mbali mno au chini mno. Ukiweza kukaa hivyo hesabu ya tano bila taabu, kiuno ndicho kinachokubeba, na hapo ndipo mahali pako. Halafu pinda kona kali kulia na kushoto. Magoti yakigonga usukani, umeukaribisha kupita kiasi.

Jambo la nne ni umbo. Simama wima, acha mikono ining'inie, kisha inyoshe mbele kana kwamba unapokea mtoto. Utaona viganja vinatazamana kidogo. Havitazami chini vyote viwili. Usukani ulionyoka huvilazimisha kutazama chini na kuupinda mkono penye kifundo. Usukani uliopinda kurudi nyuma, kama ule wa baiskeli kubwa nyeusi ambazo watu wetu waliziita Black Mamba, huviacha viganja katika hali yake ya asili. Tena huvileta vishikio karibu na mpandaji, hata tatizo la umbali nalo likapungua kwa kitu kile kile kimoja. Wazee wetu waliozipanda baiskeli hizo wakiwa wameketi kama machifu hawakuwa wajinga.

Upana nao uwe karibu na upana wa mabega. Ulio mwembamba mno hufanya kazi ya kuongoza mzigo kuwa ngumu, na ulio mpana mno huitanua mikono na kuyachosha mabega. Na kabla ya kutoa fedha, pima unene wa bomba. Sisukani nyingi za baiskeli za namna yangu zina milimita 22.2 penye vishikio na 25.4 pale katikati zinapobanwa, lakini ziko zenye unene mwingine. Zile zilizokunjwa kama pembe za kondoo, za baiskeli za mashindano, zina milimita 23.8 mwishoni, na mikono ya breki za baiskeli ya kawaida haiingii. Fundi akitaka kujazia nafasi kwa kipande cha bati la mkebe, mzuie. Usukani ukizunguka mahali pake wakati wa kuteremka mlima, bati hilo halitakusaidia.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Usukani wa baiskeli za zamani hushikwa na chuma kilichoingia ndani ya bomba la uma, ambacho nitakiita shingo. Ndani yake mna bolti ndefu, na chini ya bolti mna kabari. Ukikaza bolti, kabari huvutwa juu na kubana. Ili kuipandisha shingo, legeza bolti mizunguko mitatu minne bila kuitoa, weka kipande cha ubao juu yake, gonga mara moja kwa nyundo, na kabari itaachia. Hapo shingo itapanda kwa mkono. Lakini ina kikomo, nacho ni kitu cha kuogopwa. Shingo nyingi zina mstari uliochorwa. Mstari huo usionekane nje kamwe. Kama hakuna mstari, acha inchi mbili na nusu, yaani milimita 65 hivi, zibaki ndani. Shingo iliyotolewa kupita hapo huweza kuvunjika au kuling'oa bomba, na atakayevunjika pamoja nayo ni mpandaji.

Fundi wangu, mzee aliyefanya kazi chini ya mwembe ule ule tangu nilipokuwa mtoto, alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bwana karani, farasi huyu unataka kumgeuza punda." Vijana waliokuwapo walicheka sana. Nilimjibu, "Mzee, punda naye hufika." Naye akacheka, akaanza kazi. Nilikuwa nimekwisha kumpigia kaka simu Mombasa, kwa kuwa kitu cha mkubwa wako hakibadilishwi kimya kimya. Alisema, "Mimi nilikuachia baiskeli, mikono yangu nilikuja nayo huku."

Hapo palizuka jambo lisilo la spana. Baiskeli ile haipandwi na mimi peke yangu. Siku za soko mke wangu huichukua asubuhi na mapema, nami nikapanda matatu. Hupakia sukuma wiki kwenye keria mpaka zikapita kichwa chake, naye ni mfupi kuliko mimi. Nilipomweleza maneno ya tabibu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba watoto, mimi mabega yananiuma tangu shemeji alipoileta. Nilifikiri ni uzito wa sukuma."

Basi usukani upimwe kwa mwili wa nani? Fundi hakuwa na shaka: kwa mwili wa mwenye kulipa. Mimi nilikaa nikafikiri, nikaona jibu hilo si la haki, wala si la akili. Kiti cha baiskeli yetu hulegezwa kwa mkono na kupandishwa kwa nusu dakika. Nimekitia alama mbili za rangi, moja yangu na moja yake. Usukani hauwezi kubadilishwa kila siku ya soko. Mtu mrefu akipewa usukani ulio karibu ataketi wima zaidi kidogo, basi. Mtu mfupi akipewa usukani ulio mbali ataumia kila kilomita. Tena anayebeba mzigo ndiye ahitajiye kuushika kwa nguvu na kuuongoza sawasawa. Kwa hiyo mke wangu alikwenda chini ya mwembe, akapanda, akashuka, akapanda tena, na fundi akapandisha na kushusha mpaka aliposema, "Hapo." Watu walisimama kutazama. Yeye hakuwajali.

Tuliutoa usukani ulionyoka, tukatia uliopinda nyuma, pamoja na shingo ndefu zaidi na yenye kutokeza mbele kidogo tu. Ilitubidi kubadili waya za breki pia, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa fupi na zilivutika usukani ulipogeuzwa. Hilo lisisahauliwe: waya iliyovutika huweza kufunga breki yenyewe katika kona. Fedha iliyotumika haikufika bei ya kuku wawili, maana vyuma vyenyewe vilikuwa vimekwisha kutumika. Fundi alivitazama kwanza kama vina ufa au kutu iliyokula ndani.

Kabla ya kuondoka, shika gurudumu la mbele katikati ya magoti yako, uuzungushe usukani kwa nguvu ya kawaida. Usigeuke peke yake. Kisha uegemee vishikio kwa uzito wako, visishuke. Rudia kujaribu baada ya wiki moja, kwa kuwa bolti mpya hulegea.

Wenye baiskeli nyeusi za breki za vyuma wasikilize neno lao. Katika baiskeli hizo mikono ya breki imeshikamana na usukani wenyewe, na kutoka hapo fito za chuma hushuka mpaka kwenye magurudumu. Ukipandisha usukani bila ya kurekebisha fito hizo, breki zitavutwa na kusaga gurudumu. Vifungo vya fito vilegezwe kwanza, usukani uwekwe mahali pake, ndipo fito zifungwe tena kwa urefu mpya na breki kujaribiwa papo hapo. Kubadili usukani wote katika baiskeli ya namna hiyo ni kazi kubwa. Kuupandisha kwa vidole viwili ni kazi ndogo, na mara nyingi yatosha.

Ganzi yangu haikuondoka siku moja. Usiku ililegea kwanza, kisha asubuhi, na baada ya miezi miwili ilibaki kidogo tu siku za barabara mbaya. Barua zangu sasa hazirudi. Mke wangu anasema mabega yamepona, lakini sukuma ni nzito vile vile. Mtu ambaye ganzi yake haipungui baada ya kutengeneza baiskeli, au anayeona vidole vinakosa nguvu ya kushika kikombe, asingoje. Aende kwa tabibu mapema, kwa kuwa mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu hupona kwa shida.

Na wewe msomaji uliye na baiskeli ya familia, iite jamaa yako nje Jumapili hii, na kila aipandaye aketi juu yake mmoja mmoja, hata mtoto anayeipeleka shule. Tazama viwiko, tazama viganja, uliza nani anaumwa wapi. Huenda ukasikia neno ambalo limekaa nyumbani mwako miaka mingi bila ya kusemwa. Na kama bado hujanunua, mwombe mwuzaji aulegeze usukani na kuupima kwa mwili wako kabla hujafungua mfuko. Mwuzaji mwema hatakataa, na akikataa, mji una maduka mengi.